Mama Aliyenitazama Nikila

Ninyi vijana mtakaosoma maneno haya, kaeni vizuri, na kama mna chakula mkononi kiwekeni chini kwanza. Sitaandika habari za wazazi wangu wala za mahari yangu, hayo waulizeni wengine. Ninaandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa mtaa wa Nyalenda mjini nikiwa nimeolewa juzi juzi. Juma lililopita nilirudi kutoka Usenge, kumzika mama mmoja ambaye hakuna hata mmoja wenu anayemjua, na nilipofika hapa sikusalimia mtu, nikaomba bisibisi nikaenda nayo mlangoni. Mkanong'onezana kwamba Dani, mimi nyanya yenu, sasa amezeeka kichwani. Kichwa changu ni kizima. Nilichelewa tu, na mtu aliyechelewa hana muda wa kusalimia.

Chumba chetu Nyalenda kilikuwa kimoja, kuta za udongo na paa la mabati. Katikati tulining'iniza pazia la maua. Nyuma yake kitanda, mbele yake meza, viti viwili na jiko la makaa. Ploti ilikuwa na milango minane inayotazamana, kwa hiyo ukikaanga kitunguu wote wanajua, na usipokaanga wanajua vilevile. Mlango ulioelekea wangu ulikuwa wa Mama Adhiambo. Huyu alikuwa akikaanga mgongo wazi pale langoni, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki kiwanda kikishatoa minofu. Karai lake lilianza kunguruma saa nne asubuhi, na vijana wa mjengo walikuja kwake hata kabla mafuta hayajapata moto. Babu yenu naye alikuwa mteja. Alisema mbele yangu, bila haya, "Nyar Alego, huyu mama anakaanga mfupa mpaka unakula na sauti yake." Nyar Alego ni mimi. Sikuwa nimezaa bado, na mke mgeni huitwa kwa jina la kwao. Sikucheka. Mimi nilikuwa nimepika siku hiyo, na chakula changu hakikuwa na sauti yoyote.

Mama Adhiambo alikuwa na tabia moja. Akishakuuzia samaki hakugeukia mteja mwingine. Alisimama na kijiko chake cha matundu, akakutazama mdomoni mpaka umeze. Vijana wa mjengo walimtania. "Mama, unahesabu meno yangu?" Naye alijibu, "Nahesabu mifupa. Meno yako nimeyaona tayari, hayahitaji mtu wa kuyahesabu." Wote walicheka, na bado aliendelea kutazama. Mimi tabia hiyo niliiona ya ajabu, lakini wakati ule ilikuwa ajabu tu, haikuwa kitu kingine.

Ugonjwa ulinishika Jumamosi moja mchana. Ugali ulikuwa umetoka motoni wakati huohuo, mchuzi wa samaki wa ngege mezani, na babu yenu alikuwa ameniletea soda baridi kama zawadi. Nilimeza tonge la moto nikalishushia na soda ile. Kitu kikanikaba. Si kooni, chini zaidi, hapa nyuma ya mfupa wa kifua, kama mtu aliyeshika nguo mbichi kwa mikono miwili anaikamua. Maumivu yakatokea mgongoni, yakapanda mpaka kwenye taya. Hata mate hayakushuka. Babu yenu akaruka. "Ni mfupa! Meza tonge, usitafune!" Mnajua kwetu mfupa wa samaki husukumwa hivyo, kwa tonge zima la ugali. Nikameza moja, la pili, la tatu. Yote yakakaa juu ya pale palipofungwa, kisha yakarudi, mengine kwa pua. Nilipoinua macho nilimwona Mama Adhiambo mlangoni ananitazama. Akaingia bila hodi. "Baba, toka hapo. Unampakia kama gunia." Akanikalisha wima, akapasha maji moto kidogo tu, akaninywesha kwa vijimafunda huku kiganja chake kimelala mgongoni mwangu. Kwa muda kama wa kuchemsha chai, ile mikono iliyonikamua ikalegea yenyewe. "Huo si mfupa," akasema. "Mfupa hauachi hivi. Mfupa mimi naujua."

Siku tatu alinipikia uji wa wimbi, si moto, si baridi, akauleta kwenye bakuli la bluu lenye mfuniko. Alikaa kwenye kiti cha babu yenu akanitazama nikinywa. Siku ya pili nilimwuliza, kwa sababu nilikuwa na mdomo mwepesi hata nikiwa mgonjwa, "Mama Adhiambo, kwani Adhiambo mwenyewe yuko wapi? Yuko kwa nyanya yake?" Akafunika bakuli, akafunua tena. "Yuko Usenge, ardhini. Alikuwa na miaka mitatu. Nilimpa samaki, nikageuka kupindua wengine kwenye karai. Nilipogeuka tena..." Baadaye akasema, "Ndiyo maana sigeuki siku hizi. Namtazama mtu mpaka ameze. Hata mtu mzima. Hata yule asiyenihusu." Halafu akaniambia, polepole, "Usiwaambie hawa wa ploti. Hakuna mtu atanunua samaki kwa mama aliyepoteza mtoto kwa samaki." Nikasema sitasema. Niliapa kwa jina la mama yangu, na uji wa huyo mwanamke ulikuwa bado kwenye ulimi wangu.

Ugonjwa ukarudi. Ulikuja mara moja kwa juma, kisha mara mbili. Nilianza kuogopa sahani, na kadiri nilivyoogopa ndivyo kifua kilivyofunga haraka. Chakula kikakaa, kikarudi, na kisiporudi, kiungulia kiliniunguza mpaka masikioni. Nikakonda. Ndipo akaja shangazi ya babu yenu kutoka Mamboleo, mama mwenye sauti, muuza ndizi. Alinikuta nimelala nyuma ya pazia akadhani nimesinzia. Nikamsikia akimwambia babu yenu, "Umeoa mgonjwa, mwanangu. Mwanamke asiyekula atazaa nini? Kwao walijua, ndiyo maana hawakusita kumtoa. Mrudishe mapema, kabla hujamzoea." Nilingoja babu yenu ajibu. Nilisikia tu kijiko kikizunguka kwenye kikombe cha chai. Pazia lile lilikuwa jembamba, maua mekundu, na mpaka leo siwezi kuona kitambaa cha maua mekundu bila kusikia kijiko.

Shangazi akafunua pazia akaniona macho wazi. Hakuona aibu. Akaniuliza, "Au kuna mtu anayekutazama ukila?" Hapo ndipo nataka msome polepole. Wazee wetu waliamini sihoho, jicho la chakula. Mtu mwenye jicho hilo akikutazama ukila, kile chakula kinageuka ndani yako kikawa maumivu. Nililijua swali lile linakwenda wapi. Nilijua likifika huko, ugonjwa hautakuwa wangu tena, utakuwa wa mtu mwingine, na mimi sitarudishwa kwetu kama ndoo iliyotoboka. Nikasema, "Yuko." Nikanyosha mkono kuelekea mlango unaotazama wangu.

Wakaniletea mama anayejua kutoa sihoho. Alinichanja kifuani kwa wembe, chale ndogo ndogo, akamimina maji, akasugua kwa kitambaa cheupe. Alisugua mpaka nikaona nyota. Kisha akafunua kitambaa mbele ya shangazi na wanawake wawili wa ploti, na ndani kulikuwa na vichwa vitatu vya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Wote wakaguna. "Ona! Vimekaa humo vikimla!" Mimi nilivitazama vile vichwa. Babu yenu alikuwa hataki omena nyumbani mwake, alisema harufu yake inamkumbusha shule. Tangu niolewe sikuwa nimeonja omena hata mmoja. Nilijua. Mtu asiniandikie kwenye jeneza langu kwamba nilidanganywa. Mwanamke yule aliwadanganya wengine, mimi nilijua, na nikafunga mdomo kwa sababu shangazi alinishika mkono kwa upole kwa mara ya kwanza, na babu yenu akasema, "Pole, mama." Hakuwa ameniambia pole tangu ugonjwa uanze.

Lakini lililomwua Mama Adhiambo pale Nyalenda halikuwa kitambaa. Lilikuwa mfereji. Tulipanga foleni na mitungi yetu asubuhi, na wanawake wakaniuliza kama nimepona. Mama Nafula, mama mwenye kicheko kutoka upande wa Bungoma, hakuamini. "Nyar Alego, wacha hizo. Huyo mama ameniangalia nikila miaka miwili, na ona vile nimenona! Kama ni jicho, basi ni jicho la kunenepesha." Wanawake wakacheka, na nikaona kisa changu kinachekwa, kinaondoka mikononi mwangu, na mimi nakwenda nacho mpaka kwetu Alego. Basi nikasema. "Hata mtoto wake mwenyewe alikufa akila. Mama yake akimtazama. Mwulizeni Adhiambo yuko wapi." Mama Nafula akaacha kucheka. Maji ya mtungi wa mbele yakafurika yakamwagika miguuni mwetu, na hakuna aliyefunga mfereji.

Angalieni vile nilivyosema. Mtoto alikufa mama alipogeuza macho, mimi nikasema alikufa akitazamwa. Neno moja nililigeuza, na lilitosha.

Siku hiyohiyo milango ikaanza kufungwa. Saa ya chakula ungesikia makomeo ya ploti nzima, moja baada ya jingine, kla, kla, kla, milango saba. Babu yenu alinunua komeo jipya, la chuma, akalipigilia mwenyewe akipiga mluzi. Joto la mabati, moshi wa jiko, na sisi ndani tukila kama wezi. Vijana wa mjengo walikuja bado siku mbili tatu, lakini walichukua samaki kwenye gazeti wakaenda kulia mbali. Mmoja akamwambia, "Mama, leo usinitazame, tafadhali, nina mke." Alisema kwa mzaha. Mama Adhiambo akageuza uso akatazama ukuta mpaka kijana akaondoka, na nikaona kwamba kutotazama ndiko kulikomwumiza. Baada ya juma moja karai lilinguruma mpaka jioni na samaki wakarudi ndani vilevile walivyotoka. Paka wa Nyalenda walinona mwezi huo.

Alikuja mlangoni kwangu Jumapili, baada ya kanisa. Babu yenu alikuwa kwa wenzake. Nilikuwa nimefunga komeo, niko mezani peke yangu na viazi. Akabisha. "Nyar Alego." Nikasogeza sahani. "Najua uko ndani, nasikia sahani. Sikuja kugombana. Niambie tu, ni wewe uliyesema habari ya mtoto wangu?" Nilikuwa na kiazi mdomoni. Nikakimeza haraka ili asinisikie nikitafuna, na pale pale kifua kikafunga. Kikakamua kuliko siku zote. Nikaangusha kikombe, nikashika meza, nikasikia sauti yangu ikitoka kama ya mbuzi. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa na kadibodi. Hakuna jicho la mwanadamu lililokuwa juu yangu. Nje akaongea tena, sasa mdomo wake uko karibu kabisa na mbao. "Kaa wima. Usilale. Maji ya vuguvugu, funda dogo. Yapo? Funda jingine. Usiogope, linaachia." Nilifanya alivyosema. Aliendelea kuhesabu mafunda kutoka nje, moja, mbili, tatu, mpaka akasikia nimevuta pumzi. Akangoja. Alikuwa anangoja nifungue, na komeo lilikuwa hapa, mkono unalifikia. Sikufungua. Ningefungua ningemwona usoni, na ningemwona ningesema kweli, na ningesema kweli shangazi angesikia kabla ya Jumatatu. Nilimsikia akivuta kandambili zake mpaka mlangoni kwake.

Juma hilohilo alihama. Alifunga karai mgongoni kwa leso, kama mtu anavyobeba mtoto, akachukua mkoba mmoja. Mama Nafula peke yake ndiye aliyemsindikiza. Bakuli la bluu lilibaki kwangu. Sikulirudisha na sikulitumia.

Mimi sikurudishwa kwetu. Nilizaa, tukahama Nyalenda, mkazaliwa ninyi. Ugonjwa ulikuja na mimi kila mahali. Miaka mingine ulipungua, miaka mingine ulinishika kanisani katikati ya wimbo, watu wakidhani nimeguswa na Roho. Sikwenda tena kwa mtu wa kutoa sihoho. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mwenzenu Akinyi ndiye aliyenipeleka hospitali, mnakumbuka, siku aliyodhani ni moyo. Walipima moyo kwanza, daktari akasema maumivu ya kifua hayabahatishwi. Moyo ulikuwa mzima. Kisha wakaniingiza mpira wenye kamera, na siku nyingine wakanisimamisha mbele ya mashine ya picha nikanywa dawa nyeupe kama chokaa. Daktari, msichana wa umri wa Akinyi, akanionyesha picha. Umio wangu, hiyo njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, ulikuwa umejisokota. Nikaona nguo mbichi inayokamuliwa, ileile. "Dani," akasema, "hii ni misuli. Ingepaswa kusukuma chakula kwa zamu, lakini yako inajikaza yote kwa pamoja. Baridi inaichokoza, moto sana unaichokoza, na haraka, na wasiwasi. Ikikushika wewe hufanya nini?" Nikamwambia: nakaa wima, maji ya vuguvugu, funda dogo dogo, silali. Akashangaa. "Nani alikufundisha? Alikufundisha vizuri." Nikasema, "Jirani." Akinyi akanitazama kwa sababu sauti yangu ilikatika. Nilimwambia ni ile dawa nyeupe.

Wakanipa vidonge, wakaniambia nile kidogo kidogo na nitafune sana, nisilale na tumbo limejaa, niache soda baridi. Nimefuata yote, na siku nyingi niko sawa. Tangu siku hiyo ya picha hadi juma lililopita ilipita miaka minne. Usenge si mbali. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Nilisema mvua, nilisema magoti. Nilipanga hata maneno, nikayafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Kisha Mama Nafula, ambaye ni mzee kama mimi na bado anacheka, akanipigia simu, na hakuwa anacheka. "Nyar Alego, yule mama wa karai amelala. Nenda. Mimi miguu haitaki, lakini wewe lazima uende."

Nilikwenda na bakuli la bluu mkobani. Nyavu za omena zilikuwa zimetandazwa mpaka karibu na boma, na wanawake waligeuza omena huku wakilia, kwa sababu jua halingoji msiba. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Baada ya kaburi tulikalishwa chini ya turubai, na mama mmoja wa makamo akaniletea ugali na samaki. Paji la uso lilikuwa lilelile la Mama Adhiambo. Huyu ni Atieno, bintiye aliyezaliwa baada ya Nyalenda. Nikatoa bakuli nikaliweka mezani. Nikasema, "Hili ni la mama yako. Mimi ni Nyar Alego, nilikuwa naye ploti moja." Nilikuwa na maneno mengine, yale ya kuosha vyombo. Atieno alilitazama bakuli, akalifunika vizuri na mfuniko wake. "Tunakujua," akasema. "Kula, chakula kinapoa." Nikangoja aongeze, aseme mama alikusamehe, au aseme mama alikulaani, lolote ningelichukua. Hakuongeza. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu na mikono mapajani, akanitazama mdomoni. Nilimega kipande kidogo, nikatafuna sana. Alinitazama mpaka nikameza. Nikamega kingine, akatazama tena. Alinitazama sahani nzima namna hiyo, hakugeuka hata alipoitwa, kisha akachukua sahani na bakuli akaondoka. Na kifua changu, wajukuu zangu, siku hiyo hakikufunga hata mara moja.

Komeo mlilolikuta limetolewa ni lilelile la babu yenu. Nilihama nalo kila nyumba, nikisema ni chuma kizuri. Nimelitupa chooni, msilitafute. Na nililowaambia jioni ile niliporudi nalirudia hapa, asije mtu akasema hakusikia: katika nyumba hii mlango haufungwi watu wakila. Anayepita aitwe kwa jina lake, aingie, ale. Akisema ameshiba, mpeni kiti kinachoelekea meza, akae hapo atutazame mpaka tumeze.